Kikombe cha Kwanza cha Mzee Lipoe

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Huo ndio muda ambao fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu atakuwa ameutumikia siku atakapokabidhi funguo na kustaafu rasmi, tarehe thelathini ya mwezi huu. Hesabu ameifanya mwenyewe kwa chaki, kisha akaniambia niikague. Nimeikagua mara mbili na iko sawa. Kazi zake nyingi huwa hivyo: ukizikagua, unazikuta sawa. Ipo moja ambayo haikuwa sawa, na nitaisimulia hapa kwa ruhusa yake. Tena si ruhusa, ni amri. Alisema makala haya yakitoka bila kisa cha rangi, yeye haji kwenye sherehe.

Kwenye faili ana jina refu la heshima. Karakanani anaitwa Mzee Lipoe, na hata Mkurugenzi humwita hivyo anapojisahau. Jina limetokana na maneno anayoyasema kila gari linapoingia likifuka mvuke: "Acheni lipoe." Wengine hukimbilia boneti. Yeye huvuta stuli, hukaa, huanza kumuuliza dereva habari za nyumbani.

Subira hiyo hakuzaliwa nayo. Aliajiriwa kama kibarua wa kuosha magari, kijana mwenye haraka, na katika mwezi wake wa tatu akaamua kumwonyesha fundi wa wakati ule kwamba anaweza zaidi ya sabuni na ndoo. Gari la daktari mmoja lilikuwa limechemsha. Akafungua mfuniko wa rejeta ungali wa moto. Maji yalimrukia mkononi kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na aliyemtibu ni yuleyule daktari mwenye gari, ambaye alimfunga bandeji huku akimuuliza lini litakuwa tayari. Kovu bado lipo. Kila anayeanza kazi kwetu huonyeshwa kovu hilo siku ya kwanza. "Hiki ndicho cheti changu cha kwanza," husema. "Vingine vilikuja baadaye, na havikuuma."

Vingine vilikuja kweli. Alisomea ufundi jioni kwa miaka minne, akapanda kutoka kibarua hadi fundi msaidizi, fundi, na mwishowe fundi mkuu. Amehudumia magari ya wagonjwa, jenereta mbili, mashine za kufulia, na machela ambazo magurudumu yake yalikuwa yakipiga kelele hata wagonjwa wakaomba kutembea. Tangu ashike karakana, hakuna gari la wagonjwa lililowahi kutoka getini bila maji, mafuta na matairi kukaguliwa. Lakini nikiulizwa ametuachia nini, sitataja mashine. Nitataja boneti jeusi, maswali matatu na kikombe cha chai.

Boneti jeusi ni boneti la gari lililokufa zamani. Alilipaka rangi nyeusi, akalitundika ukutani, akaligawa katikati kwa mstari mweupe. Upande mmoja umeandikwa "Nimeona". Upande wa pili, "Nadhani". Gari likiingia na ugonjwa, hakuna anayeruhusiwa kushika spana mpaka upande wa "Nimeona" uwe na mambo yasiyopungua matatu. Upande wa pili unaweza kujaa utakavyo. Kudhani, husema, hakuna kodi.

Kisha yanafuata maswali, kwa mpangilio uleule siku zote. Lilianza lini? Kabla ya hapo lilifanyiwa nini? Nani alikuwa wa mwisho kuligusa?

Swali la tatu ndilo lililotutia jasho. Kuna aliyesahau kukaza nati, kuna aliyejaza maji machafu, kuna aliyeacha kitambaa juu ya injini. Lakini Mzee alikuwa na desturi yake. Anayejibu "mimi" kabla hajatajwa na mwenzake, ndiye anayemiminiwa kikombe cha kwanza cha chai ya saa nne, mbele ya kila mtu, awe fundi au dereva. Haulizwi zaidi. Hasemwi. Anakunywa chai ya moto wakati wengine wanasubiri, basi yameisha. Nilipoanza kazi hapa niliiona desturi hiyo kama mchezo wa watoto. Ilinichukua muda kuona kwamba katika karakana hii hakuna kosa linalofichwa zaidi ya siku moja, na nimekwishapita mahali ambapo makosa yalifichwa miaka.

Mkurugenzi naye aliwahi kukinywa kikombe hicho. Asubuhi moja gari lake lilikataa kuwaka mbele ya jengo la utawala, na watu watano wenye tai walikuwa wakilisukuma huku na huku. Mzee Lipoe alifika, hakugusa chochote. Alimwomba Mkurugenzi aketi kwenye usukani, asimulie kila alichofanya tangu alipofika, na mikono yake ifuate maneno yake. Mkurugenzi akasimulia: nilisimama hapa, nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikachukua mkoba. Mkono wake ulipofika kwenye gia, ukatulia. Gia ilikuwa bado imewekwa kwenda mbele, na gari lenye gia za kujibadilisha zenyewe haliwaki hivyo. Mkurugenzi akacheka mwenyewe, akauliza chai hiyo hunywewa saa ngapi.

Mkewe, ambaye tutamwona Ijumaa kwenye sherehe, ametuambia kwamba maswali hayo hayaachwi getini. Pasi yao ya umeme ilipoharibika, Mzee alisimama katikati ya sebule na kuuliza kwa sauti ya kazini nani alikuwa wa mwisho kuigusa. Mkewe akamjibu, "Wewe, mume wangu. Mwaka juzi. Ulisema utaitengeneza kesho." Siku hiyo, anasema, alimmiminia chai kwa ukarimu mkubwa.

Sasa nije kwenye kisa cha rangi.

Wakunga wa hospitali yetu wana gari moja kuukuu tunaloliita Shangazi. Lina umri wa kunizidi. Ndilo linalowapeleka kwenye zahanati ya kilimani mara tatu kwa wiki, kuwapima wajawazito ambao wasingeweza kuteremka. Mwanzoni mwa mwaka Shangazi alipakwa rangi upya, nyeupe, akapendeza hadi watu wakampigia picha. Wiki chache baadaye akaanza kuumwa. Asubuhi huwaka vizuri. Akipanda kilima, mshale wa joto unapanda naye. Akisimama na kuzimwa, hawaki tena: ukizungusha ufunguo unasikia "tak" moja, basi. Akikaa saa moja, anaamka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkunga mkuu alivumilia. Mara mbili alipanda nusu ya kilima kwa miguu, mizani ya watoto begani. Wakati huo Mzee Lipoe alikuwa likizo yake ya mwisho, na Shangazi akapita mikononi mwetu. Tukabadilisha mfuniko wa rejeta. Tukabadilisha kizuia-maji kinachofunguka injini ikipata moto. Tukabadilisha mpira wa rejeta. Kila kifaa kilimponya kwa siku moja. Mwishowe mhandisi wa karakana, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, akaandika ripoti ya kurasa tatu iliyosema kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji, oili na gesi ndani ya injini, imeungua, injini imekwisha, na gari lifutwe. Kamati ya mali chakavu ikapanga kuja Ijumaa. Wakunga wangebaki wakisubiri gari la kuazima, na gari la kuazima huwa na safari zake.

Mzee alirudi Jumatatu ya wiki hiyo. Alisoma ripoti yangu akiwa amesimama, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaniongoza hadi kwenye boneti jeusi. Upande wa "Nimeona" nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: gasketi imeungua. Akaniuliza kwa upole, "Injinia, umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona mvuke, nimeona maji yakipungua, na nilikuwa nimesoma sana. Vitu vitatu hivyo nilivijumlisha kichwani nikapata gasketi. Alifuta maneno yangu kwa kiganja, akayaandika upya upande wa pili. Nilitazama vumbi la chaki kwenye mkono wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa kwangu kama kuonyeshwa chumba cha nyumba yangu mwenyewe ambacho sikuwahi kukiingia.

"Tuna siku nne," akasema. "Acha lipoe kwanza."

Jumanne alifanya kile tulichopaswa kufanya mwanzo. Shangazi akiwa baridi kabisa, alifungua rejeta, akawasha injini na kutazama maji. Hayakutoa mapovu ya gesi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa safi, haikuchanganyika na maji. Akaandika yote mawili upande wa "Nimeona". Gasketi yangu ikabaki peke yake upande wa pili, kama mgeni aliyekosea harusi.

Jumatano akamwacha Shangazi akinguruma uwanjani, boneti wazi, mpaka mshale ukapanda. Feni ya rejeta, ambayo huendeshwa kwa umeme, ikaanza kuzunguka. Lakini ilizunguka kwa uvivu. Dereva wa Shangazi, tunayemwita Breki kwa kejeli maana breki zenyewe hazijui sana, akasema, "Mzee, feni hiyo inapepea nzi kwa adabu." Mzee akamwambia awashe taa kubwa. Taa zilipowaka, feni ikapunguza mwendo zaidi. Mzee akanyoosha kidole, akaenda kuandika.

Kisha akaagiza injini izimwe na kuwashwa tena. "Tak." Taa ndogo ya ndani ikafifia kama mshumaa. Akapima betri, ilikuwa imejaa.

Hapo niliona uso wake ukibadilika. Umeme upo, lakini haupiti. Alichukua waya mnene wa kuazimia umeme kutoka gari jingine, akabana ncha moja kwenye upande hasi wa betri na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga," akamwambia Breki. Shangazi akawaka hapohapo, kwa kishindo, na feni ikavuma hata karatasi za mama wa stoo zikaruka mezani. Mama Stoo akapiga kelele kutoka ndani, "Mmemfanya nini huyo bibi?" Breki akajibu kwamba Shangazi kameza pilipili.

Magonjwa mawili, mzizi mmoja. Gari halikuchemsha kwa sababu injini imekufa, wala halikukataa kuwaka kwa sababu ya joto peke yake. Umeme wote wa gari hurudi kwenye betri kupitia waya mmoja wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya chuma kwa bolti. Njia hiyo ilikuwa imeziba. Feni ikakosa nguvu ya kupoza, na stata, ambayo ndiyo huzungusha injini iwake na hula umeme kuliko vyote, ikakosa nguvu kabisa mara injini ilipopata moto.

Mzee akainama, akafungua bolti ile. Chini yake, pale ambapo chuma kilitakiwa kugusana na chuma, kulikuwa na rangi. Nyeupe, mpya, laini, isiyo na mkwaruzo, na kutu imeanza kuingia pembeni.

Tulisimama watu wanne: Mzee, Breki, mkunga mkuu aliyekuja kuuliza habari za gari lake, na mimi. Maswali yalijiuliza yenyewe. Lilianza lini? Baada ya kupakwa rangi. Kabla ya hapo lilifanyiwa nini? Betri ilitolewa, waya zikafunguliwa, likapakwa rangi, waya zikarudishwa. Swali la tatu hakuna aliyelitamka. Sote tulijua nani alizirudisha. Shangazi hakuwahi kurudishiwa waya na mtu mwingine.

Breki alijaribu. "Ah, Mzee, yaliyopita si ndwele. Tukwangue hiyo rangi tukanywe chai." Mkunga mkuu akasema pengine wapaka rangi ndio waliokosea. Mimi nikasema, na nilisema kwa nia njema, kwamba ripoti mpya inaweza kuandika "waya ulilegea". Ni kweli kwa kiasi fulani, haimtaji mtu, na ripoti hiyo ndiyo ingekuwa karatasi ya mwisho kabisa katika faili lake, chini ya miaka thelathini na minne isiyo na doa.

Mzee alikwenda kwenye boneti jeusi. Alichukua chaki, na upande wa "Nimeona", chini ya mapovu na oili na feni, akaandika: Mimi.

Kisha akatueleza, akiwa bado ametazama ukuta. Alijua kwamba rangi lazima ikwanguliwe pale bolti inapokaa. Amewafundisha mafundi kumi na saba jambo hilo. Siku ile alikuwa na msasa mkononi. Lakini rangi ilikuwa imetoka nzuri mno, na Shangazi hakuwahi kupendeza vile tangu amfahamu. "Niliionea huruma rangi," akasema. "Nikasema meno ya bolti yatatosha. Na yalitosha, mpaka kutu ilipoyaonja."

Akanigeukia. "Waya haulegei wenyewe, Injinia. Ukiandika ulilegea, atakayekuja baada yangu ataukaza, na ataionea huruma rangi kama mimi. Andika kilichotokea."

Nimeandika. Mkunga mkuu akamwambia Mzee kwamba yeye amepanda kilima kwa miguu mara mbili, na angependa sana kumkasirikia mtu, ila sasa amemwahi. Mzee akamwomba radhi bila kupamba. Mkunga akasema, "Haya, baba. Basi nikwangulie vizuri."

Akakwangua. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi, akafunga bolti, na pembeni kukabaki mkwaruzo mbaya kwenye ile rangi nzuri. Haukupakwa tena. Upo hadi leo.

Ilikuwa imefika saa nne. Mama Stoo alitoka na chupa ya chai na sinia la vikombe, akasoma ubao, akasoma tena. Hakuuliza. Alimimina kikombe cha kwanza, akakibeba kwa mikono miwili, akampelekea Mzee Lipoe kwenye stuli yake. Katika miaka yote tuliyokuwa naye, hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akinywa kikombe cha kwanza. Alikipokea. Akakinywa taratibu, chote, huku sisi tukisubiri, na hakuna aliyejifanya anatazama pengine. Alipomaliza akasema tu kwamba sukari ilikuwa nyingi.

Nikanyoosha mkono nikasema, "Na ile ripoti ya kurasa tatu, ni mimi." Breki akacheka hadi akakohoa. Nikapewa cha pili.

Ijumaa kamati ya mali chakavu ilipanda Shangazi. Walikwenda kilimani hadi zahanati, wakazima injini mlangoni, wakahesabu dakika kumi. Mkunga mkuu alikuwa amekwishateremsha mizani yake, kwa tahadhari ya mtu aliyeumwa na nyoka. Breki akazungusha ufunguo mara moja. Shangazi akawaka. Wanakamati waliporudi walisaini kwamba gari libaki kazini, na mmoja wao akauliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini ripoti ya ufundi inamtaja fundi aliyekosea, na kwa nini fundi huyo ameitia saini mwenyewe. Mama Stoo akamkaribisha chai.

Nilidhani ubao ule ungeachwa kama ulivyo, kwa kumbukumbu. Mzee alishangaa kusikia hivyo. Ubao ni wa kazi, akasema, na Jumatatu gari la kufulia linaingia likiwa na mlio usiojulikana. Akafuta kila kitu kwa kiganja kilekile, kuanzia mapovu hadi neno lake, akanikabidhi chaki. Ilikuwa fupi kama jino. Ninayo mfukoni ninapoandika haya, ingawa najua angesema chaki nayo ni ya kazi.

Mzee wetu, kwa niaba ya madereva, wakunga, mafundi kumi na saba, Mama Stoo, na mhandisi mmoja ambaye sasa huuliza macho yake kabla ya vitabu vyake, tunakushukuru. Pumzika na mama nyumbani. Mtengenezee pasi. Ukiona mvuke popote, unajua la kufanya. Afya njema na miaka mingi ya kukaa kwenye stuli bila mtu wa kukuharakisha.

Swali lako la tatu tulizoea kuliuliza pale tu kitu kinapoharibika. Wiki hii tumeanza kuliuliza pia pale kinapofanya kazi. Asubuhi hii Shangazi amewaka kwa mara moja, akapanda kilima, akashuka, akawaka tena. Nani alikuwa wa mwisho kumgusa? Tunamjua. Sherehe ni Ijumaa saa nne kamili, hapahapa karakanani, na kikombe cha kwanza kitakuwa kikikusubiri. Tumempunguzia Mama Stoo sukari.